Tiketi moja au tiketi mbili? Mapitio ya safari za kuunganisha kutoka Mtwara, na unachopata ndege ikikuacha Dar

Anayetoka Mtwara au Lindi kwenda Mumbai, Guangzhou, Dubai au Jeddah huulizwa na wakala wa tiketi swali ambalo wengi hulijibu harakaharaka: "Nikukatie yote pamoja, au hiki cha Mtwara Dar utakata mwenyewe?" Jibu lake ndilo litakaloamua, siku ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, nani atapewa kiti kingine bila malipo na nani atalala kwenye benchi la jengo la tatu la uwanja wa ndege wa Dar akipiga simu nyumbani kuomba nauli ya pili. Hapa tunapima bidhaa hizo mbili kwa kilichomo ndani yake, pamoja na basi, ambalo watu wa Kusini tunalidharau mpaka siku tunapolihitaji.

Kwanza, ujue unachouziwa. Ukimuuliza wakala "hii ni tiketi moja?" atakujibu ndiyo, maana amekupa risiti moja na karatasi moja. Risiti moja si tiketi moja. Hata ile PNR, namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu ndani ya PNR moja zinaweza kukaa tiketi mbili zisizojuana. Kinachosema ukweli ni namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 197 ni Air Tanzania, 031 Precision Air, 071 Ethiopian, 157 Qatar Airways, 176 Emirates, 235 Turkish, 706 Kenya Airways, 074 KLM. Ukiona kipande cha Mtwara kwenda Dar kina namba ya 031 na cha Dar kwenda Doha kina namba ya 157, umenunua mikataba miwili. Ukiona kipande cha Mtwara kimekaa chini ya ileile 157, basi una mkataba mmoja, hata kama utakayoipanda pale Mtwara ni ndege ya ATR ya Precision.

Kuna jambo moja huwachanganya watu hapa. Tiketi moja ya kielektroniki hubeba vipande vinne tu. Safari ya Mtwara, Dar, Doha, Guangzhou na kurudi ina vipande sita, kwa hiyo mfumo hutoa namba mbili zinazofuatana, moja ikiishia na 41, kwa mfano, na nyingine na 42. Hizo ni tiketi moja iliyogawanywa. Namba zisizofuatana, au zinazoanza na tarakimu tatu tofauti, ndizo za kuulizia.

Tiketi moja kwa kawaida hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukaa na shirika moja mwanzo hadi mwisho: Air Tanzania inaruka Mtwara na pia inakwenda Mumbai, Guangzhou na Dubai, kwa hiyo kuziweka safari hizo kwenye tiketi moja ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni mashirika yenye makubaliano ya kuuziana tiketi na kupokezana mizigo. Precision ina makubaliano hayo na baadhi ya mashirika ya nje, si yote, na wakala mzuri huangalia kwenye mfumo wake badala ya kukuambia "haiwezekani" kwa mazoea. Bei ya pamoja mara nyingi huizidi kidogo jumla ya tiketi mbili. Tofauti hiyo ni gharama ya bima usiyoiona, na ndiyo sababu tunaipa tiketi moja alama 8 kati ya 10. Alama mbili zimeondoka kwa sababu uchaguzi wa saa ni mdogo, na kubadilisha tarehe mwenyewe huwa ghali zaidi.

Unachokipata kwa tiketi moja ni hiki. Shirika limeahidi kukufikisha mwisho wa safari, siyo Dar. Mfumo wenyewe haukubali kuuza muunganiko mfupi kuliko muda wa chini uliowekwa kwa uwanja husika. Ndege ya Mtwara ikichelewa na ya nje ikakuacha, ni jukumu lao kukutafutia nyingine bila nauli ya ziada wala faini. Ucheleweshaji ukiwa umetokana na shirika lenyewe, kama hitilafu ya ndege au wafanyakazi, chakula na hoteli navyo aghalabu hutolewa. Ukiwa umetokana na hali ya hewa, mashirika mengi hukuacha ujilipie malazi, ila kiti kingine bado ni chako. Mvua za Kusini huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mwenye safari ya Januari aweke akiba ya usiku mmoja Dar hata kama ana tiketi moja mkononi.

Ulinzi huo una mlango wa kutokea, nao ni uzembe wa abiria. Ukichelewa getini kwa sababu ulikuwa dukani, au uhamiaji wakikuzuia kwa hati isiyokamilika, shirika halidaiwi kitu.

Sasa tiketi mbili. Ukweli wake kisheria ni mfupi: shirika la kwanza lilikuahidi Dar na limekufikisha Dar. La pili lilikusubiri kaunta, hukutokea. Hakuna kati yao anayekudai wala unayemdai kwa muunganiko, kwa sababu muunganiko uliutengeneza wewe kichwani. Kwenye mfumo wa shirika la pili unaandikwa kuwa hukutokea, na hapo vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi, hufutwa. Watu hudhani wamepoteza kwenda tu, kisha mwezi unaofuata wanagundua kuwa na ya kurudi haipo.

Tuipige hesabu siku yenyewe. Ndege ya Mtwara imepangwa kutua Dar saa 8:00 mchana, na ya nje inaondoka saa 11:00 jioni. Saa tatu, mtu anaona tele. Mizigo ya ndege ya ndani inatoka, tuseme, saa 8:30. Safari za ndani zinatumia jengo la pili na za nje jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019, na kati yake ni mwendo wa gari, si wa kuburuta masanduku juani. Saa 8:50 uko mlangoni. Foleni ya ukaguzi wa kuingia, saa 9:10 uko mbele ya kaunta. Mashirika mengi hufunga kaunta ya safari za nje dakika 60 kabla ya kuondoka, yaani saa 10:00 kamili. Zile saa tatu zimebaki dakika 50. Ndege ya Mtwara ikichelewa saa moja tu, ambalo ni jambo la kawaida kwa safari yoyote ya ndani, umeachwa.

Kwa hiyo tiketi mbili za siku moja tunazipa alama 2. Tiketi mbili na usiku mmoja kati yake, ukalala gesti ya karibu na uwanja, Kipawa, Banana au Ukonga, zinapanda hadi 6, na kwa mfuko mwembamba ni chaguo la heshima. Ukishindwa kabisa kulala, acha pengo la muda wa saa nane kati ya ndege hizo mbili, na usichukue ndege ya mwisho ya siku kutoka Mtwara kwa kuwa ikifutwa hakuna nyingine nyuma yake. Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi: minada ikianza Oktoba viti vinajaa wanunuzi na watu wa mabenki, na ukihitaji kusogezwa kwenye ndege inayofuata unakuta nayo haina nafasi.

Mzigo nao una hesabu yake. Kwa tiketi mbili, kilo utakazopimiwa Mtwara ni za shirika la ndani, hata kama shirika la nje linakuruhusu masanduku mawili ya kilo 23. Anayebeba korosho za ndugu na ming'oko ya shangazi atalipia kilo za ziada pale pale. Kwa tiketi moja, kiwango cha mzigo cha safari ndefu aghalabu hutumika tangu Mtwara. Dai hilo kaunta ukiwa na karatasi ya tiketi inayoonyesha kiwango mkononi. Kisha soma tagi kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda. MYW ni Mtwara, DAR ni Dar es Salaam, BOM ni Mumbai, DXB Dubai, DOH Doha, ADD Addis Ababa, CAN Guangzhou. Tagi inayoishia DAR ina maana utalichukua mwenyewe Dar, hata kama dada wa kaunta alisema "litafika lenyewe."

Tukija kwenye basi: kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, kupitia Mnazi Mmoja ya Mingoyo, Kilwa na Daraja la Mkapa pale Rufiji, saa tisa hadi kumi hivi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, na hilo limebadilisha hesabu. Ukipanda siku moja kabla, hata likiharibika njiani bado una muda. Kwa mtu wa Lindi basi lina mantiki zaidi, kwa sababu kwenda uwanja wa Mtwara ni zaidi ya kilomita mia moja kurudi nyuma kabla hujaanza kwenda mbele. Kasoro yake ni mvua kubwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika upande wa Kilwa na njia hii ya kwenda Dar ikafungika kwa siku kadhaa. Alama 7 kiangazi, masika zinashuka.

Lakini basi lina mtego ambao umewaumiza wengi wenye tiketi moja. Asubuhi unaambiwa ndege ya Mtwara imesogezwa hadi jioni, nawe una ndege ya nje alfajiri. Unaona bora uwahi basi. Usipande! Kipande cha kwanza kisipotumika, mfumo unakuandika hukutokea na kufuta vyote vinavyofuata, kwa hiyo utafika Dar kwa jasho lako na kukuta huna tiketi. Piga simu kwanza kwa shirika lililotoa tiketi, mwambie mhudumu unakubali kuanzia Dar kwa sababu wao wamebadilisha saa, na umwombe akiondoe kipande cha Mtwara na kuitoa tiketi upya. Subiri ujumbe wenye tiketi mpya inayoanza na DAR. Ukiupata, ndipo ukate basi.

Tuseme sasa limeshatokea, umetua Dar na ndege ya pili imeondoka au itaondoka kabla hujafika kaunta. Kinachofanywa katika nusu saa ya kwanza ndicho chenye thamani.

Kama bado uko Mtwara na unaona muda unapungua, anzia hapohapo. Mwenye tiketi moja amwambie mhudumu wa kaunta ya Mtwara kabla ya kupanda. Yeye anaweza kukupangia ndege nyingine ukiwa bado chini, na pengine ukakaa nyumbani usiku huo badala ya kurandaranda Dar. Mwenye tiketi mbili apige simu shirika la pili kabla ndege yao haijaondoka. Kubadilisha kabla ya kuondoka kuna faini ya mabadiliko na tofauti ya nauli. Baada ya kuondoka inaongezwa adhabu ya kutotokea, au tiketi inakufa kabisa. Dakika moja inaweza kutofautisha bei hizo, kwa hiyo uwe na salio la kupiga na namba ya shirika lenyewe kwenye simu yako. Namba ya wakala pekee haitoshi.

Ukifika Dar, nenda kaunta ya shirika lililokuchelewesha. Kuna tabia ya kurushiana: la kwanza linasema nenda kwa waliotoa tiketi, la pili linasema nenda kwa waliokuchelewesha. Katika safari ya tiketi moja, utaratibu uliozoeleka ni kwamba aliyesababisha ndiye anayekupangia upya. Sema wazi na kwa upole, ukiwa na namba ya tiketi mkononi: "Kaka, naomba unipangie ndege inayofuata kwenda mwisho wa safari yangu. Ucheleweshaji ni wa ndege yenu, kwa hiyo usiandike kuwa mimi ndiye niliyeomba mabadiliko." Sentensi ya mwisho ina uzito. Mabadiliko yanaandikwa kwenye mfumo kuwa ya hiari au yasiyo ya hiari, na yakiandikwa ya hiari utatozwa tofauti ya nauli hata kama kosa si lako.

Usikubali lolote kabla ya kuuliza mambo matatu. Mizigo yangu iko wapi na tagi mpya itaishia wapi? Tiketi imetolewa upya, au nimewekewa nafasi tu? Nafasi bila tiketi iliyotolewa upya ndiyo inayowarudisha watu getini. Na njia hii mpya inapita nchi gani? Swali hili la tatu husahaulika. Ukibadilishiwa njia na kulala Nairobi au Kigali, Mtanzania anaingia bila viza. Ukilala kwingine unaweza kubaki ndani ya uwanja usiku kucha kwa kukosa viza. Pia, ukisubiri zaidi ya saa 12 katika nchi yenye homa ya manjano, ukirudi Tanzania unaweza kudaiwa kile kitabu cha chanjo. Kiwe ndani ya pasipoti daima. Mgonjwa aliyeombewa kiti cha magurudumu aombewe tena, kwa kuwa ombi la awali lilikuwa limefungwa kwenye ndege iliyoondoka.

Kabla hujatoka kaunta, omba uthibitisho wa maandishi wa kuchelewa na sababu yake. Barua pepe inatosha, hata karatasi yenye mhuri. Piga picha ubao wa ndege ukionyesha saa. Tunza bodingi pasi ya Mtwara na kila risiti: teksi, gesti, chakula, dawa. Bila hivyo, madai yote yanayofuata ni hadithi.

Mwenye tiketi mbili hana cha kudai kwa haki, ila ana cha kuomba. Baadhi ya mashirika humsaidia aliyefika ndani ya saa chache kwa kumweka kwenye ndege inayofuata kwa faini tu. Ni hisani inayotegemea nafasi na mhudumu, kwa hiyo omba kama mtu anayeomba. Kelele haijawahi kufungua mfumo. Ikishindikana, uliza marejesho ya kodi na ada za uwanja ambazo hazikutumika. Hata tiketi isiyorejeshwa aghalabu hurudisha sehemu hiyo, na kwa safari ya nje si fedha ya kuacha.

Upande wa sheria, chombo kikuu ni Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, ambao Tanzania iliuridhia 2003. Ibara ya 19 inamwajibisha msafirishaji kwa hasara itokanayo na ucheleweshaji, isipokuwa athibitishe kuwa alichukua hatua zote zilizostahili kuuzuia. Kikomo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria, na 1,519 kwa mizigo. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja yake ni takriban dola 1.3 hadi 1.4 za Marekani. Watu husikia namba hiyo wakadhani ni fungu la kugawiwa. Ni dari: unalipwa hasara uliyoithibitisha kwa risiti, haizidi hapo.

Jambo tamu kwa mtu wa Mtwara limejificha katika ibara ya kwanza. Safari ya mashirika kadhaa ikichukuliwa na pande zote kuwa moja, inahesabika yote kuwa ya kimataifa, hata kipande kinachoanzia na kuishia ndani ya nchi moja. Maana yake kipande cha Mtwara hadi Dar, kikiwa ndani ya tiketi moja ya kwenda Mumbai, kinalindwa na mkataba huo. Kikiwa tiketi ya peke yake, ni safari ya ndani tu. Ila ibara ya 36 inasema anayedaiwa kwa ucheleweshaji ni yule aliyekuwa akikubeba ulipotokea, kwa hiyo barua ya madai iende kwa huyo, si kwa yeyote mwenye jina kubwa. Kwa mizigo unaweza kumdai wa kwanza au wa mwisho pia. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Jaza fomu ya taarifa ya mzigo kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo. Ukishatoka, jukumu la kuthibitisha linakuangukia wewe.

Umoja wa Ulaya una kanuni yake, namba 261 ya 2004, na hiyo ndiyo yenye fungu la kugawiwa: euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500, ukifika mwisho wa safari umechelewa saa tatu au zaidi, ingawa inaweza kupunguzwa nusu ukichelewa chini ya saa nne. Ukiondoka Dar, inakuhusu ukiwa na shirika la Ulaya, mfano KLM kwenda Amsterdam. Ukirudi kutoka Ulaya, inakuhusu kwa shirika lolote. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca: tatizo lilitokea Casablanca, nje ya Ulaya, lakini kwa kuwa uhifadhi ulikuwa mmoja, safari ilihesabiwa nzima tangu Berlin. Kwa hiyo mwanafunzi anayerudi Mtwara kutoka Frankfurt kupitia Addis Ababa na Dar kwa uhifadhi mmoja, anapimiwa saa za kuchelewa Mtwara. Hali mbaya ya hewa inaliondolea shirika malipo hayo. Hitilafu ya kawaida ya ndege haiondoi.

Nyumbani, malalamiko yaanze kwa shirika kwa maandishi. Likinyamaza au ukikataa jibu lake, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ina pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC. Wanachotaka kuona ni namba ya tiketi, saa iliyopangwa na saa halisi, barua uliyoandika shirika, na risiti. Wanaoandika kurasa nne za uchungu bila namba ya tiketi hucheleweshwa na maswali.

Mawakala wa hapa kwetu tunawapa 6 kwa jumla. Wanajua nauli, wanavumilia kulipwa kidogokidogo, na mteja anawaona uso kwa uso. Udhaifu ni kwamba wengi ni mawakala wa wakala: tiketi hasa imetolewa na ofisi ya Dar, na usiku wa Jumamosi hakuna wa kuigusa. Ndege ikiharibika siku ya safari, wafanyakazi wa shirika uwanjani wana uwezo wa kuishika tiketi hiyo, kwa hiyo usikubali kirahisi kuambiwa "rudi kwa wakala wako". Marejesho ya fedha taslimu hupitia kwa wakala huyohuyo, na wengine hukata ada yao, hivyo uliza ada hiyo kabla ya kulipa. Na kagua namba ya simu waliyoandika kwenye uhifadhi. Mara nyingi ni ya dukani, kwa hiyo ujumbe wa kubadilika kwa saa unalia kwenye droo ya meza wakati wewe uko Nanyamba. Iwekwe yako, kisha fungua uhifadhi siku 14, siku 7 na siku 2 kabla ya safari uone kama saa zimebaki zilezile.

Bima ya safari huuzwa kama dawa ya kila kitu. Ile inayodaiwa kwa viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, yenye kikomo cha euro 30,000, ni ya matibabu. Kuachwa na ndege ni kifungu kingine, na mara nyingi hakimo. Kikiwemo, soma muda wa chini wa kuunganisha wanaoudai. Ukiacha saa tatu na wao wanataka nne, umelipia karatasi.

Mapitio mengi huishia kwenye kwenda, ilhali kurudi ndiko watu hubana muda zaidi. Ndege nyingi za nje hutua Dar mchana au usiku. Hapo kuna uhamiaji, mkanda wa mizigo na forodha, kwa kuwa Dar ndipo unapoingilia nchini. Hata tagi ikisoma MYW, uliza kule ulikotoka kama sanduku utalichukua Dar kwa ukaguzi, kisha ulikabidhi tena jengo la pili. Kwa tiketi moja acha saa tatu, kwa mbili lala. Aliyetua saa 9 usiku na ana ndege ya Mtwara saa 1 asubuhi bado yuko salama. Aliyetua saa 11 alfajiri kwa ndege hiyohiyo ya saa 1 awe ameshauliza kiti cha ya jioni kabla hajaondoka nchi za watu.